Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Sabufa na Chumba Chake

Jioni inapoingia Tunduma, malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa pili wa mpaka wa Zambia, huzima injini, na sauti nyingine huchukua nafasi. Sauti hiyo hutoka madukani, hutoka katika vibanda vya vinyozi, na zaidi ya yote hutoka majumbani. Ni sauti nzito ya chini, isiyosikika kwa masikio tu bali hata kwa kifua na kwa vioo vya madirisha. Chombo kinachoitoa ni sabufa. Zamani spika za namna hiyo zilikuwa vitu vya kumbi za sinema na za dansi. Leo zimo katika chumba cha mpangaji, baina ya kitanda na kabati la vyombo.

Si haki kumlaumu mtu kwa kupenda muziki mzito. Wanyiha na Wanyamwanga wa mkoa huu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, walipiga ngoma kubwa tangu kale, na hakuna aliyesema kuwa mlio wake ni kero. Lakini ngoma ilipigwa uwanjani, mahali pasipo kuta wala bati. Sabufa hupigwa ndani. Hapo ndipo jambo linapobadilika, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea: hudhani kwamba wamenunua sauti, kumbe wamenunua nusu ya sauti. Nusu ya pili ni chumba. Kwa hiyo anayetaka besi nzuri asianze kwa kuongeza wati. Aanze kwa kutafuta mahali pa kuiweka sabufa aliyo nayo. Kanuni hiyo ikifuatwa, mwenye sabufa huokoa fedha zake, na jirani huokoa usingizi wake.

Ili kuelewa sababu, hapana budi kukumbuka sauti ni nini. Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa masafa, na hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu hezi 20 hivi hadi kufikia hezi 20,000. Sabufa imepewa kazi ya sehemu ndogo tu ya chini kabisa, tangu hezi 20 au 30 hadi 100 hivi, yaani sehemu ya ngoma kubwa na ya gitaa la besi, ambalo waya wake mnene kuliko zote hulia kwa hezi 41. Spika ndogo hazimudu kazi hiyo, kwa kuwa kusukuma hewa nyingi polepole kunahitaji ngozi pana yenye mwendo mrefu.

Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa masafa, utapata urefu wa wimbi. Mlio wa hezi 1,000 una wimbi la sentimita 34, urefu wa rula ya shule na zaidi kidogo. Mlio wa hezi 50 una wimbi la karibu mita 7. Msomaji na alinganishe urefu huo na chumba chake mwenyewe: wimbi la besi halienei ndani ya chumba. Jambo hili moja ndilo linaloeleza takriban kila kituko cha sabufa.

Wapo wanaodhani kuwa sauti katika nyanda za juu za Mbozi na Tunduma hutofautiana sana na sauti ya bondeni Kamsamba, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Fizikia haikubali. Ukipanda mlima, shinikizo la hewa na uzito wake hupungua pamoja, na mwendo wa sauti haubadiliki kwa ajili hiyo. Kinachoubadili ni joto. Hata kukiwa na nyuzi 30 bondeni, mwendo hufika mita 349 tu. Basi tofauti kubwa ya besi baina ya nyumba na nyumba haitokani na hewa ya mahali. Inatokana na vipimo vya chumba.

Wahenga walisema kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kwa kawaida methali hiyo huelekezwa kwa mtu mwenye maneno mengi asiye na maarifa, lakini inafaa pia kusomwa kama taarifa ya kisayansi. Debe huvuma kwa sababu sauti iliyo ndani yake hugonga ukuta mmoja, ikarudi, ikagonga wa pili, ikarudi tena. Na pale safari hiyo inapolingana na urefu wa wimbi, kila pigo jipya huongezea nguvu pigo lililotangulia, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake. Chumba ni debe kubwa. Sauti ya kwanza inayovuma baina ya kuta mbili hupatikana kwa kugawanya mwendo wa sauti kwa umbali wa kuta hizo mara mbili.

Mfano ulio karibu ni chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho kila mpangaji wa mijini anakijua. Futi 10 ni mita 3.05. Mara mbili yake ni mita 6.1, na 343 ikigawanywa kwa 6.1 hutoa hezi 56. Kwa kuwa chumba ni cha mraba, kuta za upande mmoja huvuma kwa hezi 56 na kuta za upande wa pili huvuma kwa hezi hizo hizo. Mivumo miwili imekutana mahali pamoja. Noti moja ya besi itanguruma mithili ya radi, na noti jirani yake itasikika hafifu. Hapo msikilizaji hulalamika kwamba sabufa yake "inavuma noti moja tu", akaenda kununua nyingine iliyo kubwa zaidi, naye akashangaa kukuta nayo ina kasoro ile ile. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina nafuu, kwa kuwa mivumo yake ya kwanza imetengana: mmoja ni hezi 57, wa pili ni hezi 43.

Aidha, mvumo huo hausambai sawasawa chumbani. Katika mvumo wa kwanza, sauti huwa kubwa kabisa penye kuta zote mbili, na huwa ndogo kabisa katikati. Mtu aliyekaa katikati ya chumba huweza kudhani sabufa ni mbovu, hali mwenzake aliyeegemea ukuta anaomba ipunguzwe. Wote wawili wanasema kweli. Wamekaa katika sehemu mbili za wimbi moja.

Sasa linakuja suala la wati. Katika soko la mpakani, kama katika masoko mengine ya Afrika Mashariki, si ajabu kuona boksi la sabufa lililoandikwa maelfu ya wati kwa herufi kubwa. Mnunuzi mwenye akili ya sayansi ageuze chombo chenyewe, asome kibandiko cha nyuma palipo na waya wa umeme. Huenda akakuta pameandikwa kuwa chombo hutumia wati 60. Kanuni ya uhifadhi wa nishati, inayofundishwa katika kila shule ya sekondari, yatosha kumaliza ubishi: hakuna chombo kinachoweza kutoa kwa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia. Namba kubwa ya boksini ni ya kilele cha punje ya sekunde, au ni ya kuuzia tu.

Hata wati zikiwa za kweli, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3, tofauti ambayo sikio huitambua bila kustaajabu. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa maradufu, yahitajiwa desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Lakini kuisogeza sabufa kutoka katikati ya sakafu hadi penye ukuta huweza kuongeza besi kwa karibu desibeli 6, kwa sababu ukuta huirudisha mbele nguvu ambayo ingepotea nyuma. Hiyo ni sawa na kuzidisha wati mara nne, wala haikugharimu senti.

Je, basi kila sabufa iwekwe kwenye kona, ambapo kuta mbili na sakafu husaidiana? Hapa ndipo uangalifu unapohitajiwa. Kona huongeza besi kuliko mahali pengine popote, lakini huamsha kila mvumo wa chumba kwa pamoja. Sauti ni nyingi, uzuri ni haba. Katikati ya ukuta mmoja, kinyume chake, mvumo wa kwanza wa ukuta huo hauamki, kwa kuwa hapo ndipo penye utulivu wake. Kwa chumba cha mraba, hiyo ni nafuu kubwa. Kama chombo kitabidi kikae konani kwa ufinyu wa nafasi, yafaa kitufe cha besi kirudishwe chini. Faida ya kona itumike kupunguza kazi ya umeme, isitumike kuongeza kelele.

Ipo njia moja ya kutafuta mahali bora ambayo haihitaji kipimo chochote. Sabufa iwekwe pale msikilizaji anapokaa, juu ya kiti chake hasa. Upigwe wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Kisha msikilizaji atembee kwa magoti kandokando ya kuta, sikio likiwa karibu na sakafu. Atapita mahali ambapo besi hunguruma, na mahali ambapo hupotea. Mahali ambapo noti zote husikika kwa usawa, hapo ndipo sabufa itakapohamia, na msikilizaji arudi kitini. Watoto watacheka kumwona mtu mzima akitambaa, lakini kitendo hicho kina msingi imara. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh, katika kitabu chake cha elimu ya sauti kilichoanza kuchapishwa mwaka 1877, aliieleza kanuni yake: chanzo cha sauti na msikilizaji wakibadilishana mahali, kinachosikika hubaki kile kile.

Baada ya mahali kupatikana, kazi iliyobaki ni kuiunganisha sabufa na spika ndogo ili zisikike kama chombo kimoja. Kitufe kinachochagua masafa ya mwisho ya sabufa, kama kipo, kiwekwe karibu na hezi 80. Chini ya hapo sikio hushindwa kutambua besi inatoka upande gani, kwa kuwa wimbi ni refu mno likilinganishwa na upana wa kichwa. Sabufa yaweza kukaa pembeni na bado muziki ukaonekana unatoka mbele. Kikipandishwa hadi 150, sauti ya mwimbaji huanza kutoka sakafuni. Kama kipo pia kitufe cha kugeuza mwelekeo wa mtetemo, chenye alama za 0 na 180, msikilizaji ajaribu zote mbili akiwa kitini na kuchagua ile inayotoa besi nyingi zaidi. Kwa hiyo nyingine, sabufa na spika hupingana, moja ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta.

Yote haya yangekuwa starehe ya mtu binafsi kama kuta zingezuia besi. Hazizuii. Mtu aliyewahi kusikiliza radi anajua: ikipasuka karibu, husikika mlio mkali, ikiwa mbali, hubaki ngurumo. Sauti nyembamba humezwa njiani, na ile nzito huendelea na safari. Ukuta nao hufanya vivyo hivyo. Tofali la kuchoma huzuia vizuri maneno ya mwimbaji, lakini uzuiaji wake hupungua kadiri masafa yanavyoshuka. Tena katika nyumba nyingi za kupanga kuta za ndani huishia chini ya kenchi, na juu ya dari nafasi ni moja kwa vyumba vyote. Jirani hapati wimbo. Hupata pigo tupu, "du, du, du", usiku kucha. Kubandika magodoro na mazulia ukutani hakutamsaidia, maana vitu hivyo humeza sauti nyembamba na kuiacha besi ipite.

Jirani huyo mara nyingi ni mwanafunzi. Ana mtihani, ana chumba kimoja na wadogo zake, na hana mlango wa kufunga dhidi ya hezi 56. Hasara yake haionekani kwa macho, lakini ni hasara ya kweli. Masikio ya mwenye sabufa nayo yamo hatarini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usikilizaji salama wa mwaka 2019, lilitaja kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 katika juma kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 89, saa 40 za mtu mzima huwa zimebaki 5 tu. Sheria ya nchi pia haikunyamaza: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitungwa mwaka 2015 kanuni za viwango vya kelele na mitetemo, nazo hutofautisha mchana na usiku.

Itasemwa kwamba mfanyabiashara anahitaji muziki ili kuita wateja, na kwamba mpangaji hakuchagua kujengewa chumba cha mraba. Hoja zote mbili zina uzito. Lakini biashara haihitaji besi. Mpita njia huvutwa na sauti ya mwimbaji na maneno ya tangazo, ambayo yamo katika masafa ya kati. Besi ya dukani huishia kumsumbua mgonjwa wa nyumba ya pili. Na mpangaji, kwa sababu hakuchagua chumba, ndiye hasa anayehitaji maarifa haya. Hawezi kusogeza ukuta, lakini aweza kusogeza sabufa. Aiondoe kwenye ukuta anaoshirikiana na jirani, aiweke karibu na kiti chake mwenyewe, hatua moja au chini ya hapo. Aliye karibu na chanzo hupata sauti ya kutosha kwa nguvu ndogo, na nguvu ikiwa ndogo, kinachovuka ukuta nacho ni kidogo. Kipande cha mpira au sponji chini ya chombo kitapunguza mtetemo unaopita sakafuni, ingawa hakitauzuia ule wa hewani.

Kuna jambo la mwisho, nalo lawahusu walimu. Somo la mawimbi katika shule za sekondari mara nyingi hufundishwa kwa uzi uliofungwa ukutani na michoro ya ubaoni, huku mwalimu akisikitika kwamba maabara haina vifaa. Lakini sabufa imo mtaani, na simu ya mkononi yenye programu ya kutoa mlio wa masafa maalumu imo mfukoni mwa mtu. Kwa futi kamba na kipande cha chaki, darasa laweza kupima urefu wa chumba, kukokotoa mvumo wake wa kwanza, kupiga mlio huo kwa sauti ya wastani, kisha kutembea na kuchora sakafuni mahali ambapo sauti inakua na mahali inapofifia. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4, mlio wa hezi 43 utakuwa hafifu katikati; ule wa hezi 86 utakuwa na nguvu katikati, na utafifia mita 1 kutoka kila ukuta. Mwanafunzi aliyesimama penye chaki yake mwenyewe na kusikia sauti ikitoweka kama hesabu ilivyotabiri, hatausahau wimbi tuli maisha yake yote.

Jaribio la namna hiyo si dogo wala si la kuonewa haya. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alitakiwa kutibu ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika vizuri. Vifaa vyake vilikuwa filimbi ya kinanda, saa ya kupimia, na mito ya viti aliyoazima kutoka ukumbi mwingine. Alifanya kazi usiku, mji ulipotulia, akiingiza mito na kuitoa, akihesabu sekunde ambazo sauti ilichukua kufifia. Kwa mito hiyo alianzisha elimu ya sauti ya majengo, na ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata hesabu zake. Hakungoja maabara kubwa. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa nchini mwaka 1967, ilidai moyo huo huo: kwamba mwanafunzi ajifunze kwa vitu vilivyo mbele yake, na ujuzi wake uwarudie watu anaoishi nao.

Kijana wa Tunduma anayejua kukokotoa mvumo wa chumba cha futi 10 hatadanganywa na namba za boksini. Atamsaidia baba yake kuisogeza sabufa, atamsaidia mama mwenye nyumba kuamua ugomvi wa wapangaji, na huenda fundi wa mbao wa mtaani akaja kumwuliza. Huo ndio utumishi wa sayansi katika maisha ya kila siku. Ngoma ikivuma sana hupasuka, walisema wahenga. Na kabla haijapasuka, inafaa mtu apime chumba, asogeze chombo, kisha akae na kusikiliza.